Sura ya Sita: Chagua Saa Kabla ya Barabara

Mwaka 2024 kampuni ya TomTom ilipima mwendo wa magari katika miji 500 duniani na kuiweka Bengaluru, kusini mwa India, nafasi ya tatu kwa foleni. Gari lilihitaji wastani wa dakika 34 na sekunde 10 kumaliza kilomita 10. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo usiofika kilomita 18 kwa saa. Mwendesha baiskeli wa kawaida, asiyewahi kushinda hata kombe la mtaa, hufika kilomita 25 kwa saa kwenye tambarare huku akipiga soga na mwenzake. Kwa hesabu hizo Bengaluru ingekuwa pepo ya baiskeli. Lakini simama kwenye makutano ya Silk Board saa kumi na mbili jioni, mguu mmoja chini, basi likikupumulia mgongoni na pikipiki tatu zikigombea upenyo uliobaki kati ya usukani wako na ukingo wa barabara, uone kama pepo yenyewe ndiyo hii.

Sura hii ni ya mtu ambaye tayari amenaswa na baiskeli ya mbio. Kwao alikuwa na njia yake ya Jumamosi: pengine Nairobi kushuka barabara ya Magadi, pengine Arusha kuelekea Monduli. Sasa kazi, masomo au ndoa imemleta kwenye jiji la India lenye mamilioni ya watu, na baiskeli imeegemea ukuta ikila vumbi. Nimeichagua Bengaluru kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa miguu yangu, na kwa sababu vijana wengi wa Afrika Mashariki huja kusoma hapa. Nayo, kwa bahati, ina barabara yake ya Magadi, na waendesha baiskeli wanaipenda vilevile.

Nimewaona wengi wakiacha. Wakiulizwa, wengine husema ni hofu, wengine husema hakuna barabara. Mimi naona chanzo kiko nyuma ya hayo yote: wanaendelea kuuliza swali la nyumbani, nipite wapi, ilhali hapa swali la kwanza ni nitoke saa ngapi. Barabara nzuri za Bengaluru zipo, ila zipo kwa saa chache tu kila siku. Zilizobaki, barabara ile ile ni kitu kingine kabisa.

Unachokikuta

Tuanze na habari njema. India magari hupita kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo aliyetoka huko macho na shingo yake vimeshazoea. Aliyetoka Bujumbura au Lubumbashi ndiye atakayejikumbusha kila akifika kwenye makutano. Jiji liko juu ya uwanda wa Deccan, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya upole ukiilinganisha na Chennai au Delhi. Asubuhi ya Desemba utavaa fulana ya mikono mirefu. Aprili, mchana joto hufika nyuzi 34 na zaidi, lakini alfajiri bado inavumilika.

Sasa yale mengine. Vyombo vya moto vilivyosajiliwa jijini vimeshapita milioni 10, na vingi kati yake ni pikipiki na skuta. Kwa mgeni, kinachomvunja moyo kwanza ni honi. Anaposikia honi ndefu nyuma yake anadhani ametukanwa, anageuka, na akigeuka usukani unageuka naye. Hapa honi ni taarifa: nipo, napita. Malori mengi yameandikwa nyuma maneno ya kumwomba dereva anayefuata apige honi kabla ya kupita. Kazi yako ni kushika mstari ulionyooka na kuwaacha wengine wakukadirie. Dereva wa Bengaluru ana ustadi wa ajabu wa kukwepa kitu chenye mwendo unaotabirika. Kinachomshinda ni kitu kinachoyumba.

Jambo la pili ni wanaokuja kinyume. Mtu akitaka duka lililo mita 200 nyuma yake hatazunguka kilomita mbili kutafuta pa kugeuzia. Atarudi kwa ukingo wa barabara, uso kwa uso na wewe, pengine bila taa, pengine na mtungi wa gesi mbele ya miguu. Usimpishe kwa ghafla. Punguza mwendo, tazama nyuma yako, kisha mpishe taratibu kwa upande wa kulia ukiwa na uhakika kwamba hakuna basi linalokuja. Jambo la tatu ni matuta. Kila kijiji na kila geti la shule lina lake, na mengi hayana rangi wala kibao. Mwendesha baiskeli mwenyeji huyajua kwa dalili: mti mkubwa, hekalu dogo kando ya njia, taa za breki za skuta iliyo mbele.

Saa yenyewe

Chukua Bellary Road, njia inayotoka katikati ya jiji kwenda kaskazini, ikapita Hebbal na Yelahanka hadi Devanahalli, ulipo uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 2008. Jumatatu saa tatu asubuhi, Hebbal ni ukuta wa mabasi, teksi na bajaji. Jumamosi saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, pale pale Hebbal, utakuta makundi ya waendesha baiskeli wamesimama chini ya daraja, taa nyekundu zikimetameta nyuma ya matandiko, mmoja akijaza upepo, mwingine akimalizia ndizi. Hakuna aliyejenga barabara mpya kati ya siku hizo mbili.

Hapo watu wengi hukosea hesabu. Wanasema: kama alfajiri ni nzuri, basi kadiri ninavyowahi ndivyo bora. Sivyo. Malori makubwa hayaruhusiwi ndani ya jiji saa za msongamano, kwa hiyo usiku ndio mchana wao, na karibu na alfajiri madereva wanakimbizana na muda. Teksi za uwanja wa ndege nazo zinakimbia, na aliyeshika usukani pengine hajalala tangu jana. Barabara pana iliyo tupu humpa dereva kasi ambayo foleni ya mchana haimpi.

Februari 2024, Avtar Saini, mhandisi aliyewahi kuiongoza Intel nchini India na kushiriki kusimamia usanifu wa prosesa ya Pentium, alikuwa kwenye baiskeli na wenzake katika Palm Beach Road, Navi Mumbai. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi aligongwa na teksi iliyokuwa kasi, akafa. Alikuwa na miaka 68. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa mwaka 2022 watu 168,491 walikufa katika ajali za barabarani nchini India. Anayekuambia kwamba alfajiri ni salama hajui anachosema. Alfajiri ni bora kuliko jioni, basi, na ubora huo unategemea mwanga.

Kwa hiyo dirisha la kuendesha baiskeli hufunguka kunapopambazuka. Bengaluru haiko mbali sana na ikweta, hivyo jua halibadiliki sana: mwishoni mwa Mei huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na mwishoni mwa Januari huchelewa hadi kama saa kumi na mbili na dakika 45. Dakika ishirini hivi kabla ya hapo dereva tayari anakuona bila kutegemea taa zako. Toka nyumbani wakati huo, taa ya mbele na ya nyuma zikiwaka, na vesti inayoakisi mwanga ikiwa juu ya nguo nyingine zote. Dirisha hufungwa karibu saa moja siku za kazi na saa mbili mwishoni mwa wiki. Ukiwa bado uko barabara kuu baada ya hapo, baiskeli imegeuka kuwa usafiri tu.

Kila jiji lina dirisha lake, na usilibebe la mji mmoja ukaenda nalo mwingine. Delhi wakati wa baridi, alfajiri ndiyo saa chafu kuliko zote: hewa baridi hulala chini, ikauzuia moshi wa magari na wa mashamba yanayochomwa usipande. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vumbi laini la PM2.5 lisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. India imeweka kikomo cha 60. Na Novemba mbaya ya Delhi hupita 300. Mwili unaopumua kwa nguvu juu ya baiskeli huvuta hewa maradufu kuliko wa aliyesimama kituoni. Huko, kama hewa itaruhusu chochote, ni adhuhuri jua likishapasha ardhi. Aliyezoea saa ya Bengaluru akahamishiwa Delhi hana budi kujifunza upya, na siku nyingine kukubali kubaki ndani.

Mlima wa wote

Kilomita 60 hivi kaskazini mwa jiji kuna Nandi Hills, mlima wa mawe wenye kilele cha mita 1,478. Tipu Sultan, mtawala wa Mysore wa karne ya 18, alikuwa na ngome na nyumba ya kiangazi huko juu. Leo mlima ni wa waendesha baiskeli, wapenzi wanaokwenda kutazama macheo, na nyani wadogo wanaojua kufungua mfuko wa jezi kuliko wewe. Kupanda ni kilomita nane hivi, kona baada ya kona, na kipande cha mwisho kabla ya geti ndicho kinachouma. Kijana wa Bengaluru hukuuliza muda wako wa Nandi kama kwingine watu wanavyoulizana kabila.

Kupanda hakuna shida kubwa, maana unakwenda polepole. Tatizo ni kushuka. Mwishoni mwa wiki mamia ya pikipiki na magari hupanda kuwahi macheo, na dereva mgeni wa mlima hukata kona akiwa upande wako. Wazoefu wanashuka kwa mpangilio: mikono chini kwenye mpindo wa usukani ambako breki zina nguvu, mwendo unapunguzwa kabla ya kona badala ya ndani yake, na macho yanatafuta paa la gari juu ya ukuta wa kona inayofuata. Siku za katikati ya wiki, kama kazi yako inakuruhusu, mlima ni mtulivu na utakuta wazee wa mazoezi peke yao.

Baada ya Nandi ni chakula, na hapa jiji linakulipa deni lote. Ukirudi Devanahalli au Yelahanka unaingia kwenye ile mikahawa ya kula umesimama wanayoiita darshini. Unanunua tokeni kwa karani, unaipeleka dirishani, na baada ya muda mfupi una sahani ya chuma: idli mbili nyeupe laini, vada moja ya kukaangwa, sambar ya moto inayomwagika pembeni na chatini ya nazi. Kahawa huja katika bilauri ndogo ya chuma iliyowekwa ndani ya kibakuli; unaimimina huku na huko mpaka ipoe na kufanya povu. Wanga, chumvi na maji kwa bei ya chini kuliko pakiti moja ya chakula cha wanariadha kilichotoka Ulaya. Barabarani kuna dafu, linalokatwa mbele yako kwa panga. Kwa safari ndefu, duka la dawa lolote lina paketi za ORS, zile zile za kutibu kuharisha, na hazina mpinzani siku ya joto.

Ulezi juu ya lami

Anayeshikilia barabara kuu peke yake atachoka mapema. Utamu wa Bengaluru uko kwenye barabara ndogo za vijiji: upande wa Doddaballapura na Chikkaballapur kuna mashamba ya mizabibu, upande wa Magadi kuna Savandurga, jiwe moja kubwa kama mlima mzima, upande wa Ramanagara kuna majabali ambako filamu ya Sholay ya 1975 ilipigwa. Lami ni nyembamba, magari ni machache, na ng'ombe ana haki ya kwanza.

Desemba na Januari barabara hizo hugeuka viwanja vya kupuria. Ni msimu wa kuvuna ragi, ambayo kwetu ni ulezi, nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kuvuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Wakulima huitandaza upana mzima wa lami, mabua na masuke pamoja, magari yapite juu na kuipura bure. Lori linapura vizuri. Baiskeli ya mbio inateleza, na bua refu moja likiingia kwenye gia za nyuma huzunguka mara tatu nne kabla hujasikia mkwaruzo. Ukilazimisha pedali, kishikio cha gia kinavutwa ndani ya spoku, na safari imeishia hapo. Shuka, inua baiskeli, pita ukingoni. Akina mama wenye ungo watacheka kidogo kumwona mtu mzima aliyevaa bukta ya kubana akibeba chombo kinachopaswa kumbeba yeye. Unganisha viganja, salimia, endelea. Ukipata hoteli ya kijijini mchana huo, agiza ragi mudde: tonge kubwa la ugali wa ulezi, la mviringo, linalochovywa kwenye mchuzi na kumezwa bila kutafunwa. Mtoto aliyelelewa kwa uji wa ulezi atajiona yuko kwao.

Mbwa

Kitakachokufanya uongeze mwendo kuliko kocha yeyote ni mbwa wa mitaani. Sheria ya India hairuhusu wauawe ovyo. Mpango wa kuzuia uzazi huwakamata, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha mtaa ule ule, na aliyepitia hapo hukatwa ncha ya sikio kama alama. Matokeo yake kila kundi lina mipaka yake, na mipaka haihami. Baada ya wiki chache utajua ni kona ipi ina mbwa watatu na ni saa ngapi wameamka. Karibu wote wanafukuza kinachokimbia, hasa vifundo vya miguu vinavyozunguka. Ukiwa kwenye mteremko na njia iko wazi, pita. Vinginevyo simama, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea. Mara nyingi mchezo unaisha hapo hapo.

Akikuuma au kukukwaruza mpaka ngozi ikachanika, hakuna mjadala wala kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile uanze chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa ratiba, na kwa kidonda kilichotoka damu huongezwa dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka jeraha. Ugonjwa huo dalili zikishaonekana karibu hauna tiba. Anayepanga kuendesha kwa miaka azungumze na daktari kuhusu chanjo ya tahadhari mapema.

Chombo

Matairi ya milimita 23 au 25 uliyokuja nayo yauze. Weka 28, na kama fremu inapokea 32, weka 32, upepo punguza. Mashimo, changarawe na vipande vya chupa baada ya harusi vitakufundisha kwa nini. Beba tyubu mbili, viraka na pampu ya kweli, maana fundi wa pancha utampata kila kijiji lakini vali nyembamba ya Kifaransa pengine hajawahi kuishika. Kengele piga, ingawa hakuna atakayeisikia. Sauti yako ina nguvu zaidi.

Ukiweza, njoo na baiskeli yako. Bajeti ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa baiskeli zinazoagizwa nje kutoka asilimia 30 hadi 35, na mnunuzi huona tofauti hiyo dukani. Kinaya ni kwamba India yenyewe ni taifa la baiskeli. Ludhiana, katika jimbo la Punjab, ndiyo makao ya kampuni ya baiskeli ya Hero, na baiskeli nyeusi za India zilizobeba maziwa, mkaa na abiria Afrika Mashariki ni ndugu wa zile unazopishana nazo hapa. Sensa ya 2011 ilikuta karibu asilimia 45 ya kaya za India zina baiskeli. Lakini wakati umebadilika. Atlas, jina ambalo babu zetu walilijua, ilifunga kiwanda chake cha Sahibabad Juni 3, 2020, siku ambayo dunia huadhimisha baiskeli.

Watu

Watazame wanaotumia dirisha lako. Saa kumi na mbili kasoro kuna wauza magazeti wenye mafungu juu ya kibebeo cha baiskeli, walinzi wa usiku wanaorudi nyumbani, mafundi ujenzi wanaokwenda kazini, wote juu ya baiskeli nzito zisizo na gia. Hao wameijua saa nzuri ya jiji hili kabla ya mtu yeyote kuja na fremu ya kaboni. Wao hawakuichagua kwa starehe. Ukisimama nao kwenye taa nyekundu, waamkie. Mzee mwite anna, yaani kaka mkubwa, naye atakuambia bila kuulizwa kwamba barabara ya mbele imechimbwa tangu jana. Hakuna programu ya simu itakayokupa habari hiyo mapema hivyo.

Kisha tafuta kundi. Watu sita wenye taa wanaonekana kama gari, mmoja haonekani. Wanaopenda kushindana wana Bangalore Bicycle Championships, mashindano ya watu wa kawaida yanayofanyika asubuhi pembezoni mwa jiji. Wanaopenda umbali wana Audax India Randonneurs, wanaofuata kanuni za klabu ya Audax ya Paris: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, 600 kwa saa 40. Hakuna mshindi; unafika ndani ya muda au hufiki. Anayezikamilisha zote nne kwa msimu mmoja huitwa Super Randonneur, na ndizo tiketi ya Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1,200 hivi ambayo Wahindi huiendea kwa mamia. Kwa aliyehamia mjini, safari hizi zina faida nyingine: mwandaaji amekwisha kukuchagulia barabara na saa. Wanaotaka milima wana Tour of Nilgiris, inayofanyika tangu 2008, na Kalhatty, mpando wa kona 36 kwenda Ooty unaonyenyekeza watu wenye majina makubwa.

Siku za katikati

Wikiendi peke yake haitoshi kuitunza miguu. Jumanne na Alhamisi tafuta mzunguko mfupi ulio karibu, hata ukiwa wa kuchosha akili: kambi za jeshi, barabara za ndani za vyuo, mtaa mpya ambao nyumba zake hazijajengwa. Jumapili Cubbon Park, katikati ya jiji, hufungiwa magari na kuachiwa watu. Wengi wana kifaa cha kufungia baiskeli ndani ya nyumba ili wafanye mazoezi papo hapo. Ukikinunua, chukua na betri ya akiba, maana umeme wa hapa nao una saa zake.

Mvua za masika ya huku huanza Juni, lakini Septemba na Oktoba ndizo hunyesha zaidi Bengaluru, na kwa kawaida hunyesha alasiri na jioni. Hapo tena saa inakuokoa: alfajiri mara nyingi ni kavu. Kilichobaki ni mabaki ya usiku, matawi yaliyoanguka, mchanga uliosombwa hadi kwenye kona, na madimbwi. Dimbwi lolote lichukulie kuwa ni shimo mpaka lithibitishe vingine.

Usisubiri serikali ikutengenezee njia. Mwaka 2020 Bengaluru ilipata njia ya baiskeli kando ya Outer Ring Road; pikipiki ziliivamia na vizuizi vikang'olewa. Kuanzia Agosti 1, 2023 barabara mpya ya kasi ya Bengaluru kwenda Mysuru imepigwa marufuku kwa baiskeli, pikipiki na bajaji, kama daraja la baharini la Bandra–Worli kule Mumbai. Hyderabad imefanya vizuri zaidi: Oktoba 2023 ilifungua njia ya baiskeli ya kilomita 23 kando ya barabara yake ya mzunguko, sehemu kubwa ikiwa chini ya paa la paneli za sola. Ni njia nzuri ya mazoezi, kivuli mchana na taa usiku. Lakini iko pembezoni, na yule mlinzi wa usiku haimpeleki nyumbani.

Kabla ya kulipa kodi

Basi uamuzi mkubwa wa baiskeli unafanyika kabla hujaigusa baiskeli, siku unapotafuta nyumba. Dirisha lina saa mbili hivi. Anayeishi Yelahanka hutumia dakika 20 kulifikia shamba la kwanza. Anayeishi Koramangala akitaka Nandi lazima alivuke jiji kwa zaidi ya kilomita 20 kwenda na zaidi ya 20 kurudi, na wakati wa kurudi dirisha limeshafungwa. Huyo afadhali aisahau Nandi siku nyingi, ajifunze njia za kusini, Anekal na Bannerghatta. Wa Kengeri ana Savandurga na Ramanagara mlangoni. Kila upande una barabara yake. Kosa ni kukaa upande mmoja na kupenda mlima wa upande mwingine.

Dalali atakuuliza bajeti yako, idadi ya vyumba, kama una familia na kama unakula nyama. Hatakuuliza unatoka saa ngapi Jumamosi. Jiulize mwenyewe kabla hujaweka amana. Kisha, siku ya kwenda kuiona nyumba, usiende mchana pamoja naye tu. Rudi peke yako saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simama getini na uangalie kinachopita.